Kikaratasi cha dawa nilichokibakiza Kibiti, na lawama aliyoibeba Bi Mwanahija

Wakuu, nawasalimu nyote, mlio wazima na mnaosoma haya mkiwa vitandani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa jukwaa hili na mchangiaji wa nadra. Leo nimeamua kuandika jambo lililonitokea mwenyewe. Majina nimeyabadilisha kwa heshima ya wahusika. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na yale yanayonitia aibu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mjomba wangu nitamwita Seifu. Ni kaka wa mama yangu. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na mjomba akanichukua nikakae naye kijijini kwake, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, mahali ambapo ukitoka Nyamisati huna njia nyingine isipokuwa boti.

Alikuwa mkata mikoko. Alfajiri anaingia kwenye tope na shoka, peku, na anatoka jioni na maboriti. Sekondari nilisoma kwa mgongo wake. Chuo kikuu kilinipa mkopo, lakini nauli, godoro na shati la kwanza la maana vilitoka kwenye tope lile.

Nawaeleza haya ili mjue kuwa ninapozungumzia mguu wa mjomba, sizungumzii kiungo tu. Miguu ile ndiyo iliyonisomesha.

Mwaka juzi, akiwa ameshavuka miaka sitini, mjomba alipata shida ya mkojo. Maumivu, homa za vipindi, kwenda haja kila mara. Alijificha nayo kwa wiki kadhaa kwa sababu ya haya, mpaka mkewe, Bi Mwanahija, aliponipigia simu bila kumwambia.

"Mpwa, mjomba wako anaumwa na hataki kusema. Mwite Kibiti. Ukimwita wewe atakuja."

Nikamwita hapa Kibiti ninakoishi, akaja. Nikampeleka kituo cha afya. Daktari alimhoji kwa upole, akampima mkojo, akaeleza kuwa maambukizi yamefika kwenye tezi dume na yanahitaji antibiotiki ya wiki mbili. Akamwandikia ciprofloxacin, ambayo wengi wetu tunaiita sipro.

Kabla ya kuandika, daktari aliuliza, "Mzee, kuna dawa nyingine unatumia?"

Mjomba akajibu, "Hakuna."

Wakuu, mjomba ana pumu. Kwa miaka mingi, kifua kikimbana, humeza vidonge vya prednisolone anavyonunua duka la dawa. Wiki ile ile alikuwa anavitumia. Ila kwake yeye hivyo havikuwa dawa. Vilikuwa ni vitu vyake vya kifua, anavifunga kwenye pindo la msuli na anavimeza bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna.

Mimi nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi moja. Vidonge vile navijua. Nilikuwa najibu ujumbe wa kazini kwenye simu.

Kwenye dirisha la dawa tulipata dozi ya siku nne tu, nyingine ilikuwa imekwisha. Mjomba hakutaka kusubiri, mpunga wake ulikuwa unakaribia kukomaa na ndege walishaanza kushuka. Akaondoka na zile za siku nne, nami nikaahidi kununua zilizobaki na kumtumia.

Nikanunua boksi zima kwenye duka la dawa pale Kibiti.

Sasa hapa niwafafanulie wasioijua delta. Mzigo mdogo unaotumwa kwa boti hutiwa kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na kila chenye boksi hutolewa boksini kwanza. Maji ya chumvi hayakosi pa kuingilia. Karatasi ikilowa inavimba, inaoza, inaharibu na vingine. Sabuni, betri, majani ya chai, dawa, vyote huvuliwa nguo kabla ya safari. Tumelelewa hivyo, na mtu anayetuma kitu na boksi lake tunamwona mgeni.

Basi nikazitoa zile pakiti za vidonge, nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikazitia ndooni pamoja na kahawa yake na tochi. Boksi tupu nikaliacha juu ya meza ya jikoni.

Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi cha maelezo, kimekunjwa mara nyingi. Nilikigusa. Nakumbuka kabisa kidole changu kilivyokigusa. Sikukikunjua.

Siku ya tisa ya dozi mjomba akanipigia. Kijijini kwao mtandao unapatikana ukisimama karibu na kisima, hivyo nikajua ametembea ili anipate.

"Mpwa, hii dawa yako imenishukia miguuni."

"Imeshukaje, mjomba?"

"Visigino. Nikiamka asubuhi nakanyaga kama mtoto anayeanza kutembea. Nyuma hapa pamevimba."

Nikacheka. Sikumcheka yeye, lakini nilicheka. "Mjomba, hiyo ni dawa ya mkojo. Kisiginoni inakwenda kutafuta nini?"

"Haya, msomi. Mkojo wenyewe umeshakaa sawa. Niache?"

"Usiache. Maliza dozi."

"Nimalize tu?"

"Maliza dozi, mjomba. Ukiishia njiani vijidudu vinakuwa sugu, halafu utaniita tena."

Akasema sawa. Mjomba hajawahi kunibishia jambo lolote linalotoka kwenye kitabu.

Nifungue mabano kidogo. Nilipomaliza chuo, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye mradi mmoja wa elimu ya afya. Nilizunguka na kipaza sauti kuanzia Mtunda hadi Mkongo nikihubiri sentensi hiyo hiyo: malizeni dozi. Ni sentensi ya kweli, wala sijaja hapa kuikana. Lakini mtu akishaisema mara elfu, inafika mahali anaisema kabla hajasikia alichoulizwa. Mjomba hakuniuliza habari za vijidudu. Aliniambia miguu inamuuma. Nilichotakiwa kumjibu kilikuwa kifupi zaidi: subiri hapo hapo, nimuulize daktari.

Siku mbili baadaye, mguu ukakatika.

Mpunga wa delta una vita vyake. Ukikomaa, watu huhamia shambani kuamia ndege. Mjomba hukaa juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo, anapiga kelele na kuvuta kamba zenye makopo. Bi Mwanahija hukaa upande wa pili na kombeo, anarusha madonge ya udongo uliokaushwa juani. Alikuwa na shabaha mama yule. Vijana walimheshimu kwa hilo.

Asubuhi ile mjomba alikuwa anashuka ngazi ya dungu. Alipoweka mguu wa kulia chini na kujisukuma aondoke, akasikia pa! nyuma ya kisigino, kama amepigwa jiwe. Akaanguka. Akageuka kumtafuta aliyempiga, na nyuma yake, hatua kama thelathini, alikuwa amesimama mkewe.

"Mwanahija! Umenipiga!"

"Nikupige na nini? Kombeo hili hapa begani."

"Umenipiga kisigino, mwanamke!"

"Seifu, mimi ningekulenga ningekulenga mdomo."

Shamba zima lilicheka. Hata mjomba alicheka akiwa chini kwenye mabua. Nilisimuliwa tukio hilo na watu watano tofauti, na wote walianza kwa kicheko.

Hakuna aliyetilia maanani alichosema Bi Mwanahija baadaye. Alimshika mjomba mguu, akaugeuza, akasema, "Donge kavu likikupata linaacha alama. Mbona hapana hata mchubuko?"

Wakuu, lile lilikuwa swali la daktari, limeulizwa na mwanamke aliyeishia darasa la nne, na hakujibiwa na mtu.

Wakamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Wakamchua kwa mafuta kila jioni. Vidonge vya siku tatu zilizosalia mjomba alivimeza akiwa amelala mkekani, kwa sababu mimi nilisema amalize. Zikapita karibu wiki tatu ndipo nilipopata habari kwamba hawezi kusimama kwa ncha ya mguu, nikamfuata Nyamisati.

Hospitali waliuminya msuli wa nyuma ya mguu. Kwa mwenye mguu mzima unyayo hujibu, hujivuta. Wa mjomba ulitulia tuli. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika, na ilikuwa imechelewa. Wakamfunga hogo la plasta, wakatutahadharisha kuwa nguvu yote haitarudi.

Daktari yule wa pili akaniuliza kando, "Kabla ya hapo alikuwa anatumia dawa gani?"

"Ya mkojo tu. Jina nitaangalia nyumbani."

Boksi lilikuwa bado lipo. Mke wangu alikuwa analitunzia sindano na vifungo. Kikaratasi nacho kilikuwa ndani, kimekunjwa vile vile.

Nilikisoma nimesimama jikoni. Kimeandikwa Kiingereza, maandishi madogo kama mbegu za ulezi. Kinasema kuwa dawa hii inaweza, kwa watu wachache, kuvimbisha kano au kuikata, hasa ya kisigino. Kinasema hatari ni kubwa zaidi kwa waliovuka sitini na kwa wanaotumia dawa za jamii ya prednisolone. Kinasema ukianza kusikia maumivu au uvimbe kwenye kano, acha dawa, pumzisha mguu, wasiliana na daktari mara moja.

Acha. Mara moja.

Nikampelekea daktari boksi na nikamtajia ile dawa ya pumu. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema hakuna anayeweza kuapa asilimia mia, lakini umri upo, prednisolone ipo, sipro ipo, hivyo inaelekea sana. Kisha akaniuliza, "Hakuwahi kulalamika miguu kabla haijakatika?"

Nikasema, "Alilalamika."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Akaandika kwenye faili.

Mpaka hapo, wakuu, ni kosa la kutojua, na makosa ya kutojua yana mlango wa kutokea. Lililonileta hapa ni la baada ya hapo.

Sikumwambia mtu.

Mjomba alirudi kijijini na mkongojo, na hadithi ya kombeo ikarudi naye. Akawa haingii tena kwenye mikoko, kwa sababu tope linataka mguu unaoweza kujivuta. Shoka akampa mwanawe mkubwa. Watu walipomtembelea na kuuliza, alijibu kwa utani wake wa zamani, "Muulizeni bingwa wa shabaha." Wanawake kisimani walimwambia Bi Mwanahija, "Shoga, sisi na kombeo lako hatukai karibu." Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini utani ukirudiwa miezi minne, mtu anauzoea kama habari ya kweli.

Watoto wa mjomba hawakuwa wakitania. Hao ni wa mke wa kwanza, Bi Mwanahija hakuzaa naye. Mmoja aliwahi kuniambia wazi, tukiwa tunapakua magunia, "Yule mama kamlemaza mzee wetu, na bado anamgawia chakula." Nikanyamaza. Kikaratasi kilikuwa kwenye pochi yangu, nimekikunja na kukiweka nyuma ya kitambulisho.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza sana. Kumsafisha Bi Mwanahija kulikuwa kunanitaka nitamke kwamba mjomba alinipigia, akaniuliza kama aache, nikamwambia maliza. Mimi ndiye mtoto wa kijiji aliyefika chuo kikuu. Watu wazima wananiletea barua zao niwasomee. Nilijiambia nitasema Idi, tukiwa wote, kwa utulivu. Idi ikaja, tukala pilau, nikasema mengine.

Siku moja ya Idi hiyo Bi Mwanahija alinipa chai na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mpwa, wewe umesoma. Hivi mguu unaweza kukatika wenyewe?"

Nilikuwa na jibu mfukoni, wakuu. Nikamwambia, "Inawezekana, mkaza mjomba, mambo ya mwili ni mengi."

Akanitazama kidogo. "Basi wewe ndiye wa kwanza kusema inawezekana," akasema, akanishukuru. Alinishukuru!

Hakufika mwezi baada ya hapo. Presha ilimpanda akiwa anatwanga mpunga, akaanguka, na boti haikumfikisha Nyamisati akiwa hai.

Nilishiriki kumzika. Kaburini nilisikia mtu nyuma yangu akimweleza mgeni: "Huyu ndiye aliyempiga mumewe na kombeo." Aliieleza kama alama ya kumtambulisha, kama unavyosema huyu alikuwa mpishi au huyu alikuwa mrefu.

Siku moja kabla ya arobaini nilimkuta mjomba amekaa barazani mchana, wanawake wakipepeta mchele uani. Nikakaa mbele yake chini. Nikakitoa kikaratasi, nikamweleza yote: boksi, ndoo, meza ya jikoni, simu ya kisimani ambayo yeye aliikumbuka vizuri kuliko mimi.

Alikichukua, akakigeuza geuza. Hajui Kiingereza.

"Ungeniletea hiki mimi," akasema, "ningesokotea tumbaku."

Nikataka kucheka, nikaona yeye hacheki.

"Hakikuandikiwa mimi hiki, mpwa. Kiliandikiwa wewe."

Nikaanza kuomba radhi ya mguu. Akainua mkono. "Mguu niachie mimi, huo umeshapita. Umekijua lini?"

"Hospitali. Wiki ile ile."

Nilisikia ungo mmoja tu ukipepeta, nyingine zilikuwa zimesimama. Kisha akasema, "Alikuwa anakataa mpaka analia. Na mimi namtania." Akafuta uso kwa pindo la msuli. "Kesho utasoma. Mbele ya watu wote. Na ile ya simu usiiruke."

Nikasoma.

Baada ya hitima, kabla chakula hakijaletwa, mjomba alisimama na mkongojo wake akasema, "Mpwa wangu ana karatasi. Msikilizeni." Nikatafsiri mstari kwa mstari. Pale pa kisigino mjomba aliniambia nirudie, nikarudia. Kisha nikaeleza simu, na nikaeleza miezi yangu yote ya kunyamaza. Sauti yangu ilikuwa imara kwenye Kiingereza, ikanipotea kwenye Kiswahili.

Watoto wa mjomba walikuwa wanatazama mkeka.

Kutoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia la khanga, Bi Tatu, aliyekuwa shoga yake marehemu tangu usichana, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeendelea na mazungumzo yaliyokatizwa:

"Si alisema?"

Kisha akaendelea:

"Alisema tangu siku ile. Sasa kwani tulitaka nini, tusomewe?"

Ndipo chakula kikaletwa.

Wakuu, huu si uzi wa kuwatisha na dawa. Sipro ilimponya mjomba mkojo, na imewaponya wengi. Usiiache dawa yako kwa sababu ya maneno yangu. Ninachosema ni kwamba dawa ikikuletea jambo geni, hata likitokea mahali ambapo huoni uhusiano, mrudie aliyekuandikia siku hiyo hiyo kabla ya kumeza nyingine. Mtajie kila unachomeza, hata kile ambacho wewe hukiiti dawa. Na unapomtumia mzee dawa kijijini, ivue boksi ukipenda, lakini kikaratasi kifunge nailoni kiende nayo, na kabla hakijaenda kisome wewe.

Mjomba sasa anaishi kwangu Kibiti. Anatembea, anachechemea. Hatujawa kama zamani, ingawa ananisemesha vizuri na wanangu anawapenda. Jumamosi huniomba nimsomee magazeti, na kila nikimaliza habari huuliza, "Ndiyo yote? Hujaruka?"

Wataalamu wa dawa mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Aliyewahi kupatwa na maumivu ya kano kwa dawa za jamii hii naye aeleze, ili wengine wajue. Na kama katika familia yako yupo mtu anayebeba lawama ambayo wewe una ushahidi kwamba si yake, acha kunijibu mimi kwanza. Nenda kamwambie, angali anaweza kukusikia.